Nanga Ikinasa Mkongo, Kata Kamba Uiache

Tangu mkongo wa umeme wa Estlink 2, kati ya Ufini na Estonia, ukatike siku ya Krismasi 2024, wavuvi na manahodha hawaishi kutuuliza: na mikongo hii ya mawasiliano inayotua Mombasa, si masikio ya wanajeshi?

Si masikio. Masikio ya namna hiyo yapo, na hayana uchawi wowote. Marekani ilianza kuyatandaza chini ya Atlantiki miaka ya 1950 kwa jina la SOSUS: safu za vinasa sauti vilivyosikiliza muungurumo wa nyambizi za Kisovieti na kuupeleka kwa waya hadi vituo vya nchi kavu. Siri yenyewe ilifunguliwa 1991. Mikongo ya kwetu, TEAMS, SEACOM na EASSy, inabeba simu na intaneti. Hili tumeshalisema mpaka tumechoka.

Kinachotutia hofu ni tamaa ya shaba. Shaba imo, lakini inapitisha umeme wa maelfu ya volti kutoka kituo cha ufukweni, wa kulisha vikuza mwanga, vifaa vinavyoupa nguvu mwanga unaobeba mawasiliano, vilivyopangwa kila baada ya makumi ya kilomita. Anayeupandisha mkongo kwenye mashua na kuupiga shoka anajitafutia mauti.

Uharibifu mwingi, hata hivyo, hauna nia mbaya. Ni nanga na nyavu. Februari 2012 meli iliyosubiri kuingia bandari ya Mombasa ilitia nanga pasiporuhusiwa, ikaukata TEAMS. Mwaka 2024 meli ya Rubymar, iliyopigwa kombora katika Bahari ya Shamu, ilielea siku kadhaa ikiburuta nanga, na SEACOM ikawa miongoni mwa mikongo iliyokatika.

Sasa utaratibu. Nanga au jarife likinasa, usilazimishe kwa winchi. Tazama chati, ramani ya bahari; kama uko juu ya mstari wa mkongo, kata kamba. Kifungu cha 115 cha Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982 kinataka mwenye mkongo akulipe, mradi ulikuwa umechukua tahadhari zote zinazostahili. Andika palepale saa, mahali, kina na majina ya mabaharia walioshuhudia. Ukifika bandarini, toa taarifa kwa mamlaka ndani ya saa 24, kama mkataba wa mikongo wa 1884 ulivyoelekeza. Si baada ya wiki tatu, na kipande cha kamba mkononi.

Kifungu cha 113 cha mkataba ule wa 1982 kinazitaka nchi zimwadhibu anayekata mkongo kwa kusudi au kwa uzembe. Aliyefanya hivyo kuokoa roho au chombo, baada ya kuchukua tahadhari, hahesabiwi kosa. Aliyetia nanga juu ya mstari uliochorwa kwenye chati asije kudai fidia.

Meli ya matengenezo hutundika mchana matufe mawili meusi na umbo la almasi katikati. Usiku, taa nyekundu, nyeupe, nyekundu. Maana yake, meli hiyo haiwezi kukukwepa. Kaa umbali wa maili moja ya bahari, yaani mita 1,852. Kwenda kuwauliza mabaharia wake kama wameona samaki si dharura.