Skrini inayotetemeka haimpi rubani macho ya vidoleni

"Skrini ya mguso ikitetemeka, rubani hana haja ya kuitazama." Kati ya mambo yanayosemwa kuhusu hisi ya mguso kwenye chumba cha rubani, hili ndilo linalosemwa zaidi, na ndilo lililo mbali zaidi na ukweli. Mtetemo huja baada ya kidole kugusa: humwambia rubani kwamba amri imepokewa, haumwonyeshi kitufe kilipo. Kioo ni laini kote. Ndege ikiingia kwenye msukosuko wa hewa, mkono unarukaruka na kila kitu kinatikisika, kwa hiyo mtetemo mdogo wa skrini humezwa. Si ajabu kwamba ndege ya Airbus A350, iliyoanza kupata skrini za mguso mwaka 2019, bado ina vitufe vyake vya kubonyeza.

"Teknolojia ya kumpa mtu habari kupitia mguso imetoka kwenye simu." Ndege zilitangulia kwa miongo mingi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, marubani wa B-17, ndege ya kudondosha mabomu, walikuwa wakishatua hukunja magurudumu badala ya flapi (vibao vya nyuma ya mabawa), kwa sababu swichi za vyote viwili zilifanana na zilikaa jirani. Mwanasaikolojia Alphonse Chapanis akapendekeza swichi ya magurudumu ivishwe kigurudumu kidogo, na ya flapi ivishwe kipande chenye umbo la kabari. Mpaka leo wenzo wa magurudumu huishia na kigurudumu. Kwangu mimi, hakuna skrini iliyofikia hapo: umbo lile hujitambulisha kabla hujabonyeza chochote.

"Mkono haudanganywi." Hudanganywa. Usukani wa ndege nyingi hutikiswa na mota pale mabawa yanapokaribia kushindwa kuibeba ndege. Machi 10, 2019, ndege ya Ethiopian Airlines ikielekea Nairobi, usukani wa kushoto ulianza kutikisika punde tu baada ya kuruka, kumbe kihisi cha upande huo, kinachopima pembe ya ndege dhidi ya hewa, kilikuwa kinatoa vipimo vya uongo. Kihisi hicho hicho ndicho kilichoufanya MCAS, mfumo wa kompyuta unaoweza kuishusha pua ya ndege wenyewe, uisukume pua chini. Watu 157 walikufa.

"Marubani wawili huhisi kila mmoja anachofanya." Kwenye Boeing, ndiyo, maana usukani mmoja ukisogea na wa pili husogea. Kwenye Airbus kama A320 na A330, sivyo: kila mmoja ana kijiti chake, na kimoja hakihisi cha mwenzake. Ndege ya Gulfstream G500, iliyoidhinishwa mwaka 2018, ina vijiti vilivyounganishwa kwa umeme. Akivuta mmoja, mwenzake anasikia mkononi.