Hukukopa Zile za Simu Tu

Nimeisikia tena wiki iliyopita, mara ya tatu tangu muhula ufunguliwe: "Madamu, mimi sina deni kubwa. Nilikopa zile za matumizi tu, karo nililipiwa na serikali." Kijana wa mwaka wa nne, viatu vyake vizuri kuliko vyangu, alikuja kufuatilia salio ili apate kadi ya mtihani. Nikamwuliza, serikali ipi hiyo iliyokulipia? Akacheka, akadhani namfanyia mzaha.

Nimekaa ofisi ya fedha ya chuo kimoja hapa Mombasa miaka kumi na moja, na sina mzaha na karo. Kwa hivyo leo naandika mara moja nimalize. Atakayekuja na maneno hayo nitamtumia hii, niendelee na chai yangu.

Uliyeingia chuo kikuu kuanzia Septemba 2023, ukaomba pesa kwa mfumo mpya, karo yako ina mafungu matatu. La kwanza ni ufadhili, na huo haurudishwi. La pili ni mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu. La tatu ni la nyumbani. Kiasi cha kila fungu kinategemea bendi uliyowekwa, yaani daraja la uwezo wa familia yenu. Bendi ya 1 ni ufadhili asilimia 70, mkopo 25, nyumbani 5. Ukishuka hadi bendi ya 5 inakuwa 30, 30 na 40. Nje ya karo kuna pesa za matumizi, shilingi 60,000 kwa mwaka kwa bendi ya 1, zikipungua elfu tano tano hadi 40,000 kwa bendi ya 5. Viwango hubadilishwa, kwa hivyo tukibishana barua yako ya ufadhili na mkopo ndiyo hakimu.

Sasa hapo kwenye fungu la pili ndipo watu wanapoteleza, na ndipo nitakapokaa.

Mkopo wa HELB ni mmoja lakini una njia mbili. Njia moja inakuja kwako, zile za matumizi, na simu inalia, na marafiki wanajua hata kabla hujawaambia. Njia nyingine inatoka kwa bodi moja kwa moja hadi akaunti ya chuo. Hakuna simu inayolia. Wewe uko kibarazani unakula viazi karai, na deni lako limeongezeka. Hukuzishika pesa hizo wala hukuzihesabu, lakini ni zako, na utazilipa wewe.

Tufanye hesabu, maana bila hesabu mtu huitikia tu. Tuseme kozi yako inagharimu shilingi 200,000 kwa mwaka (namba ya mfano, msinipigie), na wewe uko bendi ya 3. Ufadhili ni nusu, 100,000. Nyumbani ni asilimia 20, 40,000. Mkopo wa karo ni asilimia 30, yaani 60,000. Ongeza mkopo wa matumizi wa bendi hiyo, 50,000. Kwa mwaka umekopa 110,000. Kwa miaka minne, 440,000. Yule kijana kichwani mwake ana 200,000, zile alizoziona. Hizo 240,000 nyingine anadhani ni za serikali.

Simlaumu sana, kusema kweli. Kwanza, ufadhili na mkopo vinaombwa mahali pamoja, kwa mara moja, na majibu yanakuja yameongozana. Mtu wa miaka kumi na minane anabonyeza, anabonyeza, anamaliza. Pili, sisi wenyewe wa ofisi ya fedha tunachangia. Ile taarifa ya karo tunayowachapishia ina safu moja ya malipo yaliyopokelewa. Ufadhili umo, HELB imo, na M-Pesa ya mama imo, zote zimepangwa kama ndugu. Hakuna mahali palipoandikwa "hii utairudisha". Nimelisema hilo kwenye vikao viwili. Nikaambiwa programu ya kompyuta ndivyo ilivyo.

Tatu, kuna kaka mtu. Kaka aliyesoma kabla ya 2023 alikopa kwa mfumo wa zamani, ambapo mkopo karibu wote ulifika mkononi na kipande kidogo tu kikaenda chuoni. Akimwambia mdogo wake "mkopo ni zile unazopata", hadanganyi. Anaeleza mkopo wake yeye. Ushauri wa kaka una heshima kubwa huku kwetu, na mimi ni nani nimpinge kaka wa mtu? Lakini nampinga.

Kwa hivyo fanya jambo moja leo, kabla ya kulala. Ingia kwenye akaunti yako ya HELB, tafuta taarifa ya mkopo, soma jumla. Yule kijana nilimfanya aifungue palepale mbele ya dirisha langu, na foleni ikasubiri. Alitazama simu, akaizima, akaiwasha tena kana kwamba tatizo ni mtandao.

Haya mengine nitayapita mbio. Mkopo unaombwa upya kila mwaka. Kuna wanaopata mwaka wa kwanza, wakakaa wakisubiri wa pili uje wenyewe. Ukiahirisha masomo, waarifu bodi, usituarifu sisi tu. Kuacha chuo hakufuti mkopo, na kufeli hakufuti mkopo. Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, ukiwa na deni lake na pesa zikiingia, inajilipa kwanza, halafu unakuja kwangu kuniambia HELB wamekukata.

Kuhusu riba. Ni asilimia 4 kwa mwaka, na ukimaliza masomo unapewa mwaka mmoja kabla ya kuanza kulipa. Dawa ya deni ni kulipa, na hapo angalau tunajua dozi inaanza lini. Wazazi wengi wa hapa wananiuliza, je, ni halali? Mimi siwezi kuiita riba jina jingine ili mtu apate usingizi. Mwulize shekhe wako, lakini mpelekee barua yenyewe aisome, usimsimulie. Nazijua familia zilizokataa mkopo wote zikachangishana, na nyingine zilizoukubali kwa shingo upande. Zote nimeziandikia risiti.

Nitakachosema kama mtu wa hesabu ni kwamba wengi wanaogopa riba na kusahau faini. Kwa deni la 440,000, riba ya mwaka wa kwanza ni kama 17,600. Faini ya kutolipa ni 5,000 kila mwezi, yaani 60,000 kwa mwaka. Zaidi ya mara tatu. Mimi mwenyewe yalinikuta. Nilimaliza, sikupata kazi haraka, nikanyamaza kimya nikidhani mtu asiye na mshahara hadaiwi. Nilipokuja kuomba taarifa, faini zilikuwa zimeota kama magugu. Kosa lilikuwa langu. Ningeandika barua, ningelipa hata kidogo, nisingefika huko. Na siku hizi ukipotea unaweza kuorodheshwa CRB, kwenye daftari la wasiolipa madeni, kisha uende benki kukopa mtaji wa duka uambiwe jina lako lina doa la chuo.

Mara kadhaa bodi imetangaza msamaha wa faini kwa wanaolipa kwa mkupuo. Wapo wanaosubiri msamaha ujao kama wanaosubiri mvua. Sipendi mpango huo, ingawa nakiri kuna mtu ninayemfahamu ulimfaa.

Sasa niseme na nisichokuwa na hakika nacho. Huwa natakiwa, siku ya kuwakaribisha wanafunzi wapya, nisimame niwafundishe kupanga matumizi. Nasimama. Nasema wekeni akiba. Lakini tuhesabu pamoja: bendi ya 3 inapata 25,000 kwa muhula. Chumba cha Kisauni cha 4,500 kwa miezi minne ni 18,000. Zimebaki 7,000, shilingi 1,750 kwa mwezi, kama 58 kwa siku. Mahamri mawili na mbaazi asubuhi, umeishamaliza sehemu kubwa ya siku na matatu hujapanda. Na hapo pesa ziwe zimeingia kwa wakati, jambo ambalo si la kuwekea dhamana. Zikichelewa, zikija zinakuta mwenye nyumba mlangoni na mama wa mahamri na daftari lake. Akiba ya wapi? Kwa hivyo ninapowaambia weka akiba, nusu yangu inaona haya. Nusu nyingine imeona viatu vya yule kijana.

Na bendi zenyewe? Kipimo kinauliza maswali ya kipato cha nyumbani, na mjini hapa kipato cha baba ni kibarua cha bandarini leo, kesho hakuna. Atajaza nini? Desemba 2024 Mahakama Kuu ilisema mfumo huu unakwenda kinyume na katiba, na kesi ikapanda Mahakama ya Rufaa. Wapo waliosikia habari hiyo wakaja mbio kuniuliza kama mkopo umefutwa. Haujafutwa, jamani. Na ukiona bendi haikufai, kata rufaa kwa njia iliyowekwa, mapema, na vyeti vyako. Usije kunililia mimi, sina kalamu hiyo.

Basari nayo. Ya NG-CDF (mfuko wa jimbo la ubunge), ya kaunti, yoyote ile, hundi inakuja chuoni, na kwenye daftari inaingia upande wa salio la nyumbani. Mkopo haiugusi. Juzi alinijia mama mmoja wa Likoni, amevuka na feri asubuhi, barua ya basari ya elfu kumi ameikunja ndani ya buibui. Akaniuliza, "Mwanangu, hizi zitampunguzia mtoto deni lake la HELB?"

Nikamweleza: la, mama, zinapunguza lile fungu la nyumbani, la kwenu. Deni la mtoto liko palepale.

Akafikiri kidogo. "Kwa hivyo huu msaada ni wangu mimi, si wake."

Ndiyo, mama.

"Alhamdulillahi," akasema, akaikunja barua upya. "Na mimi nisaidiwe mara moja."