Damu Imekoma, kwa Nini Daktari Anataka Kuziba Mshipa?

"Daktari, si mmesema damu imekoma? Sasa mnampeleka wapi tena?" Swali hili tunaulizwa sana na ndugu wa wagonjwa, na wana haki ya kuuliza. Mzee wao ameletwa akitapika damu. Ameongezewa damu, ameingizwa kamera ya endoskopi, kidonda kikaonekana, kikachomwa sindano ya adrenalini na kubanwa kwa klipu, yaani kibanio kidogo cha chuma. Damu ikasimama, akaanzishiwa omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, kupitia mshipa. Familia ndiyo kwanza inavuta pumzi, na hapo sisi wa tiba radiolojia, yaani madaktari wanaotibu kwa kupitisha mirija kwenye mishipa wakiongozwa na picha za eksirei, tunatokea na fomu ya ridhaa.

Shida ni kwamba vidonda vya tumbo havilingani. Katika vile vilivyokutwa vinatoa damu au vina mshipa uliojitokeza wazi, wagonjwa 10 hadi 20 kati ya 100 hutokwa damu tena hata baada ya endoskopi nzuri, wengi wao ndani ya siku 3 za mwanzo. Tunachokiogopa zaidi ni kidonda kikubwa kilichokaa ukuta wa nyuma wa duodeni, pale chakula kinapotokea tumboni kuingia utumbo mwembamba. Nyuma ya ukuta huo inapita ateri ya gastroduodeni, mshipa unaopeleka damu kwenye tumbo na duodeni. Kidonda kikichimba hadi kuifikia, damu hutoka kwa nguvu ya mapigo ya moyo. Isitoshe, sakafu ya kidonda cha siku nyingi huwa ngumu kama kovu, kwa hiyo klipu haiumi vizuri. Mzee mwenye moyo dhaifu anaweza asistahimili kutokwa damu mara ya pili, wala upasuaji wa dharura wa kufungua tumbo.

Kuziba ateri kwa kinga maana yake ni kuwahi kabla damu haijarudi. Mgonjwa hulala kwenye meza ya eksirei akiwa macho. Tunamchoma ganzi kinenani au kwenye kifundo cha mkono, kisha tunapitisha katheta, mrija wenye unene usiofika milimita 2, hadi kwenye mshipa mkuu wa damu na matawi yake yanayolisha tumbo. Tunaingiza dawa inayofanya mishipa ionekane kwenye skrini. Mara nyingi hakuna damu inayoonekana kuvuja wakati huo, lakini ile klipu iliyoachwa na daktari wa endoskopi inaonekana wazi kwenye eksirei na kutuonesha kidonda kilipo. Hapo tunashusha koili ndogo za platinamu, yaani nyuzi za metali zilizojisokota, moja baada ya nyingine, hadi mshipa uzibe.

Ateri hii hupokea damu kutoka pande mbili, juu na chini. Ukiziba upande mmoja tu, damu inaingilia mlango wa uani. Ndiyo maana koili hupangwa pande zote mbili za kidonda, na ndiyo maana kazi inachukua muda kuliko familia inavyotarajia.

Kuziba ateri ili kuzuia damu ya tumbo si jambo geni. Josef Rösch na Charles Dotter, wa Oregon nchini Marekani, walilieleza mwaka 1972, wakitumia damu iliyoganda ya mgonjwa mwenyewe kama kizibo. Kilicho kipya ni kuziba wakati damu imeshasimama, na hapa niseme wazi: si kila mgonjwa anahitaji. Utafiti wa Hong Kong uliochapishwa mwaka 2019, wenye wagonjwa 241, haukuonesha tofauti kubwa kwa jumla. Tofauti ilijitokeza kwa wenye kidonda cha milimita 15 au zaidi: waliozibwa mshipa walitokwa damu tena takriban 5 kati ya 100, wasiozibwa 23 kati ya 100. Hilo lilikuwa kundi dogo ndani ya utafiti, kwa hiyo tunalitumia kwa tahadhari. Binafsi nikiambiwa kidonda ni kidogo na mgonjwa ana nguvu, nashauri abaki wodini na dawa zake.

Madhara yapo. Dawa ya kuonesha mishipa inaweza kuumiza figo, pale palipochomwa pakavimba damu, au koili ikahamia mshipa usiokusudiwa. Tumbo lina njia nyingi za damu, hivyo ni nadra sehemu yake kufa. Ila aliyewahi kupasuliwa tumbo huenda amepoteza baadhi ya njia hizo, basi atuambie mapema.

Pia, si kila anayetapika damu ana kidonda. Kanda ya Ziwa wengi wana mishipa ya vena iliyovimba kwenye umio kwa sababu ya kichocho. Hao hufungwa vipete vya mpira kwa endoskopi, na kuziba ateri hakuwasaidii.

Tiba hii bado iko katika hospitali chache. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kufundisha madaktari wa tiba radiolojia mwaka 2018.

Mgonjwa akirudi nyumbani, diklofenaki na ibuprofeni za dukani zikae mbali naye, na apimwe bakteria wa vidonda vya tumbo. Siku chache za kwanza choo kinaweza kubaki cheusi kwa damu ya zamani. Lakini kikiwa cheusi kama lami, chenye kunata na harufu kali, huku anaona kizunguzungu au anatoka jasho la baridi, msisubiri kupambazuke. Mleteni usiku huohuo.