Rozini haiongezi sauti

Mpiga fidla akiona chombo chake hakivumi, dawa yake ya kwanza ni ile ile: anaongeza rozini, utomvu mkavu wa msonobari unaopakwa kwenye upinde. Isipovuma, anaongeza tena. Mwisho upinde ni mweupe pee, vumbi limetanda chini ya daraja (kibao kinachoinua nyuzi), na sauti inakwaruza. Bado ataambiwa na mwenzake kwamba hajapaka vya kutosha. Imani hii inaharibu vyombo na inaharibu mikono ya wanafunzi, tena inaendelea kufundishwa.

Kazi ya rozini ni kunasa na kuachia. Singa tupu, yaani nywele za farasi za upinde zisizopakwa kitu, huteleza juu ya uzi na hakuna kinachosikika. Zikiwa na rozini, zinaushika uzi na kuuvuta pembeni kidogo, uzi unachopoka na kurudi, kisha unanaswa upya. Ukipiga noti ya La ya hezi 440, hayo yanatokea mara 440 kila sekunde. Uzi unapochopoka, msuguano unaleta joto linalolainisha rozini pale inapougusa, ndiyo maana uzi unateleza kirahisi. Mwendo wa uzi ukilingana tena na wa upinde, rozini inashika. Tabaka jembamba sana linatosha kwa kazi hiyo yote. Ziada inapukutika kama vumbi au inaganda kwenye uzi, na uzi wenye maganda hautetemeki sawasawa: unapiga miluzi, na noti za juu zinakataa kukaa mahali pake.

Sauti kubwa inatoka kwenye mambo matatu: kasi ya upinde, uzito wa mkono, na umbali wa upinde kutoka darajani. Anayetaka fidla ivume asogeze upinde karibu na daraja, apunguze kasi, aongeze uzito. Kama sauti haijabadilika hapo, atazame singa kabla ya kugusa rozini. Singa zilizochakaa hazishiki, hata umalize kipande kizima. Kwa anayepiga kila siku, zibadilishwe kila baada ya miezi sita hadi mwaka.

Kiasi, basi. Kwa upinde unaotumika kila siku, pitisha mara tatu au nne kutoka upande wa mkono hadi nchani, taratibu, kisha piga. Singa mpya ndizo zinazohitaji kazi: mara 30 au zaidi, huku ukijaribu kwenye uzi kila baada ya chache. Kipande kipya chenye uso wa kioo hakitoi kitu. Kikwaruze kwa msasa laini, na kisu usikikaribishe. Zungusha kipande unapopaka ili kisichimbike mfereji katikati. Upinde ukiteleza na kufanya sauti ya pumzi, umepungukiwa. Ukiona moshi mweupe kwenye kila mvuto, umezidisha: usipake tena kwa siku kadhaa, utajisafisha wenyewe kwa kupigwa.

Kwa wapigaji wa taarabu wa Unguja na Mombasa kuna kosa jingine. Wakati wa masika upinde unalegea, sauti inafifia, na lawama inaangukia rozini. Rozini hainywi maji. Singa ndizo zinazovuta unyevu na kurefuka, kwa hiyo kaza skrubu ya upinde kwanza. Adui wa rozini ni joto. Kipande kilichoachwa kwenye gari juani kitalainika na kugandana na kitambaa chake.

Kuhusu rangi, kanuni ya kawaida ni kwamba ile ya rangi ya asali ni ngumu zaidi na inafaa kwenye joto, na nyeusi ni laini na inanata zaidi. Kwa pwani ningeanza na ya asali. Lakini rangi peke yake siiamini sana, kwa sababu watengenezaji huchanganya nta na mafuta kila mmoja kwa namna yake, na vipande viwili vya rangi moja vinaweza kutofautiana kabisa mkononi. Na zile zenye chembe za dhahabu au fedha? Sijashawishika kwamba sikio linatambua kitu, wala sioni sababu ya kulipia zaidi.

Ukimaliza kupiga, futa nyuzi na mbao kwa kitambaa kikavu, siku hiyo hiyo. Vumbi lililoachwa linashikana na vanishi. Spiriti isikaribie mwili wa fidla hata tone, maana inayeyusha vanishi. Singa usizishike kwa vidole; mafuta ya ngozi yanaacha sehemu isiyoshika, na rozini ya ziada haiitibu.

Tafadhali, msiazimane rozini na mpiga besi, ile kubwa ya kupigwa kwa upinde. Yake ni laini kwa makusudi, kwa ajili ya nyuzi nene, na ikishaingia kwenye singa za fidla inazigandisha vishungivishungi. Yeye mwenyewe hupaka kwa kuelekea upande mmoja tu, kutoka mkononi kwenda nchani, na kipande chake hukihifadhi wima ndani ya kikombe chake, kwa sababu kikilazwa kwenye joto kinatiririka.