Choroa wa Oman alirudi, nyika yake ikakatwa

Mwaka 1972, katika uwanda wa Jiddat al-Harasis nchini Oman, wawindaji wenye magari waliwamaliza choroa weupe, swala wa jangwani wenye pembe ndefu, wa mwisho waliobaki porini.

Choroa wa Arabuni ni ndugu wa choroa wetu wa Samburu na Marsabit, ila ni mdogo kwa umbo. Anaweza kukaa wiki nyingi bila kunywa maji, na wengi wakisikia hivyo hudhani jangwa lolote litamtosha. Sivyo. Maji yake huyapata kwenye majani, na majani ya Jiddat hunyweshwa na umande na ukungu utokao Bahari ya Arabuni, bahari ile ile iliyopitisha majahazi kati ya Maskati na Zanzibar. Jua likipanda hujilaza chini ya mgunga, akifukua ardhi kwa kwato apate udongo wa baridi. Mvua ikinyesha mbali, huifuata makumi ya kilomita. Ndiyo maana anahitaji nyika pana.

Bahati njema, tangu miaka ya 1960 kundi dogo lilikuwa limekusanywa na kutunzwa katika bustani ya wanyama ya Phoenix, Marekani. Mwaka 1982 uzao wake ulifunguliwa Jiddat, na Waharasis, wafugaji wa uwanda huo, wakawa walinzi. Hawa ninawaheshimu sana: waliijua kila nyayo. Kufikia 1996 choroa walikuwa takriban 450.

Kisha wakaja wezi. Waliwakamata wakiwa hai ili kuwauzia matajiri wanaofuga wanyama adimu. Kufikia 2007 walibaki 65, na jozi za kuzaliana zilikuwa nne tu. Mwaka huo huo serikali ikapunguza hifadhi yao ya Jiddat kwa asilimia 90 kupisha utafutaji wa mafuta na gesi, na UNESCO ikaifuta kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Halikuwahi kufutwa eneo lolote kabla ya hapo.

Mwaka 2011 choroa huyu aliondolewa kwenye kundi la walio hatarini kutoweka, kwa sababu nchi nyingine za Arabuni nazo zilimrudisha porini. Ni ushindi wa kweli. Lakini Jiddat kundi lililosalia linatunzwa ndani ya uzio. Mvua ikinyesha upande wa pili, hawawezi kuifuata.