Bakuli linaporudi safi

Mama mmoja alinijia ofisini saa saba kasoro mchana, mkononi ana bakuli la plastiki la bluu. Nilimkaribisha kiti akakataa. "Mwalimu, hili bakuli lina wiki mbili sijaliosha. Sijaliosha kwa sababu halina cha kuoshwa."

Mwanawe alikuwa darasa la tatu. Siku zote bakuli lilirudi na rojo la maharage limegandia ukingoni, siku ya makande hata na punje mbili tatu chini. Ghafla likawa linarudi kama lilivyotoka, hata harufu halina. Kabla hajafika kwangu alikuwa ameshapita jikoni na kumporomoshea mpishi maneno makali mbele ya foleni nzima ya watoto.

Nimeshika kazi ya malezi na unasihi katika shule za msingi za serikali kwa miaka mingi, na kwa malalamiko ya chakula cha mchana nimejifunza kuwa mzazi huanzia jikoni kwa sababu ndiko kwenye moshi na sufuria. Mpishi wa watu hapangi chochote. Ana upawa tu, anapakua kwa anayeletwa mbele yake. Anayepanga nani aletwe ni karatasi.

Karatasi hiyo inatoka wapi? Tangu mwaka 2016 elimumsingi katika shule za serikali hapa Tanzania hutolewa bila ada, lakini chakula cha mchana katika shule nyingi za kutwa kimebaki juu ya wazazi. Mnakutana, mnakubaliana kila kaya ilete mahindi kiasi gani, maharage kiasi gani, na hela kidogo ya mpishi, kuni na chumvi. Vyote vinaandikwa kwenye daftari la mwalimu wa chakula. Sasa ikifika saa sita na nusu mwalimu huyo ana rundo la madaftari ya kusahihisha, kwa hiyo orodha inanakiliwa na kukabidhiwa kiranja. Yaani mtoto wa darasa la saba ndiye anayesimama mlangoni na kuamua nani anakula. Sijawahi kuupenda utaratibu huu, na nimeufumbia macho kama wenzangu.

Tulipoifungua orodha siku ile tukakuta mahindi yana tiki, maharage yana tiki, hela ya mpishi hakuna kitu. Mama alikuwa ameomba amalizie mwisho wa mwezi, na mwalimu wa chakula alikubali kwa mdomo. Kiranja hakuambiwa. Yeye aliona pengo, akamtoa mtoto kwenye mstari, akamwambia akakae chini ya mwembe na wenzake. Walikuwa kumi na mmoja pale. Mimi nilipita chini ya mwembe ule kila mchana nikidhani wanacheza kete.

Mtoto mwenyewe nyumbani hakusema neno. Aliulizwa kila siku, "Umekula?" akajibu, "Ndiyo, mama." Swali la namna hiyo lina jibu moja tu, maana mtoto anajua hela haipo na hataki kumwongezea mama mzigo. Muulize vingine: leo ulikaa na nani mkila? Aliyepakua alikuwa nani? Ulikuwa wa ngapi kwenye foleni? Mtoto ambaye hakula atakwama kwenye hilo la kwanza. Akikujibu, andika siku na alichosema kwa maneno yake, hata nyuma ya kalenda. Ukija nacho, mwalimu hawezi kukuambia watoto ni waongo.

Usije saa ya chakula, na usije asubuhi tukiwa mstarini. Njoo baada ya vipindi, umwone mwalimu wa darasa, naye akupeleke kwa mwalimu wa chakula. Mwalimu mkuu asipokusikiliza, kamati ya shule ina wawakilishi wa wazazi, na juu yake yupo afisa elimu kata. Lakini kama mtoto amepigwa, amemwagiwa uji wa moto au ameshikwa vibaya, achana na ngazi hizo zote. Nenda ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto polisi, au piga 116, namba ya simu ya kusaidia watoto.

Kinachowazuia wengi hata hivyo si kutojua njia. Mtoto anamwambia mama, "Usiende, watanisema." Na kweli wapo wanaosema. Nimemsikia mwalimu akimuuliza mtoto mbele ya darasa, "Mama yako ndiye yule mkali?" Ndiyo maana nawashauri waje wawili watatu, na waulizie orodha nzima: wasio na tiki wanakaa wapi wenzao wanapokula? Hapo hakuna mtoto anayenyooshewa kidole, na shule inalazimika kujibu.

Walimu wenzangu watauliza, je, wasiochangia wale bure? Ugumu huo naujua, maana gunia likiisha limeisha. Ila deni ni la mzazi, na mtu wa kuitwa ofisini ni mzazi. Mwaka 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku michango ya lazima shuleni, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumtendea mtoto kwa kumdhalilisha. Kumkalisha mtoto wa miaka tisa mahali anapoona wenzake wakila sijui kuna jina gani jingine.

Orodha ilirudi kwa mwalimu wa chakula, na kiranja akabakiwa na kazi ya kusimamia unawaji mikono. Mama alimaliza deni lake tarehe thelathini, akapitia jikoni kumwomba mpishi radhi. Mtoto kwa siku kadhaa aliendelea kwenda mwembeni kengele ikilia, bakuli kwapani, mpaka mpishi yule yule alipotoka jikoni na upawa wake, akapaza sauti, "Wewe baba, njoo huku, chakula kinapoa!"