Masika yameshuka: namna ya kuwasikiliza vyura wa Mombasa

Chura wa Ulaya huamshwa na joto baada ya baridi kali. Wa kwetu joto analo mwaka mzima. Anachongoja ni maji. Kwa hivyo msimu wangu wa kazi huanza masika yanaposhuka, kati ya Machi na Mei, ukarudi kwa kiasi wakati wa vuli. Mvua ikinyesha kutwa, jioni yake huvaa buti nikaelekea Kisauni au upande wa Likoni, kwenye vidimbwi vilivyojaa. Mikokoni siendi. Ngozi ya chura hupitisha maji, na chumvi humkausha.

Tunasema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Kweli, lakini ng'ombe hakuwa ndiye anayeitwa! Anayeita ni dume, na anayeitwa ni jike wa jamii yake. Dume hufunga mdomo na pua, akasukuma hewa kutoka mapafuni ipite kooni na kujaza kifuko cha ngozi chini ya kidevu, kisha hewa ileile hurudi mapafuni. Hewa haipotei, ila nguvu humwishia, kwani kuita ni miongoni mwa kazi nzito kabisa katika maisha yake. Sikio la jike nalo husikia vizuri zaidi sauti za kimo cha jamii yake, hata kidimbwi kikiwa kinavuma.

Watu huniuliza watazitenganishaje sauti hizo. Ushauri wangu: kabla ya kuuliza ni sauti gani, uliza inatoka wapi. Matopeni, nyasini, kwenye matete au mtini? Ukishajua hilo, wengi umeshawaondoa.

Ukingoni hukaa Sclerophrys gutturalis, yule mnene mwenye vipele unayemwona chini ya taa ya baraza akila wadudu. Sauti yake ni nzito, ya kukoroma, na mmoja akianza wenzake hudakia. Huyu ndiye anayewakosesha watu usingizi. Kwenye matete wako wadogo wa jamii ya Hyperolius. Kwa kawaida mwili ukiwa mdogo sauti huwa juu, na Hyperolius pusillus, wa sentimita mbili hivi, hukaa juu ya majani ya mayungiyungi akitoa tik-tik-tik za harakaharaka.

Ninayempenda kuliko wote ni Kassina senegalensis. Huanza mapema, pengine alasiri jua lingali juu, akiwa amejificha nyasini hatua kadhaa kutoka majini. Sauti yake ni moja, fupi, inayopanda: kwoip! Kama tone la maji likidondoka mtungini. Akinyamaza, mwingine humjibu kutoka upande wa pili, na wa tatu akaingia kati. Kumwona ni shughuli. Haruki sana, hutembea, na ukimkaribia hunyamaza. Njoo na mwenzako, simameni mbalimbali, kila mtu aelekeze tochi pale anaposikia sauti. Miale inapokutana ndipo alipo. Kisha zimeni tochi na kusubiri. Uvumilivu hapa unahitajika kuliko ujuzi.

Ukisikia mvumo mrefu usiokatika kutoka matopeni, usiseme haraka kwamba ni mdudu. Huenda ni Hemisus marmoratus, anayechimba kwa pua na kutanguliza kichwa. Jike wake hutaga ndani ya shimo na kubaki humo na mayai. Chiromantis xerampelina, wa mitini, sauti yake ni hafifu, kwa hiyo mtafute kwa macho: tazama matawi yaliyoinamia maji kama yana mapovu meupe. Hicho ni kiota, na baada ya siku chache viluwiluwi hudondoka majini.

Utasikia pia milio mifupi ya kukatakata katikati ya vurugu. Dume huwa ameshika chochote kilichopita mbele yake, na mara nyingi alichoshika ni dume mwenzake. Aliyeshikwa hulia hivyo ili aachiwe.

Ukipata nafasi ya kwenda Kwale, Shimba Hills ina Hyperolius rubrovermiculatus, ambaye makao yake ni huko tu duniani.

Simu inatosha kurekodi. Mwanzoni taja mahali, saa na mvua ilinyesha lini, kisha nyamaza. Mweusi mwenye mistari myekundu, Phrynomantis bifasciatus, usimshike, hasa ukiwa na kidonda, kwa sababu ngozi yake ina sumu. Na kabla ya kuhamia kidimbwi kingine, osha buti na uzikaushe kabisa. Kuvu wa Batrachochytrium, walioua vyura wengi Australia na Amerika, husafiri kwa maji na matope.